Breki ya kona hukanyagwa kwenye barabara iliyonyooka

Ukishaanza kukata usukani, umechelewa. Tairi lina kiasi kimoja tu cha mshiko, nao hugawanywa kati ya kupunguza mwendo na kugeuza gari. Kanyaga breki kwa nguvu katikati ya kona, gari litakosa mshiko wa kugeukia na kuelekea nje ya barabara.

Ndiyo maana alama ya tahadhari huwekwa mbali kabla ya kona: pembetatu yenye ukingo mwekundu katika nchi nyingi, kibao cha njano chenye umbo la almasi Marekani. Mshale ukipinda mara moja, kona ni moja. Ukipinda huku na huku, wengi hukosea kwa kutazama ncha. Usome kuanzia chini. Mpindo wa chini ndio kona utakayoanza nayo. Vibao vya mishale kwenye ukingo wa nje navyo vina lake: kadiri vinavyokaribiana, ndivyo kona inavyobana.

Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, tambarare, matairi mazima. Lami ikiwa kavu, gari dogo hufika ukomo wa mshiko karibu na kilomita 65 kwa saa. Ikilowa, hata 50 ni nyingi. Huo ni ukomo, si mwendo wa kulenga. Lori lenye mzigo uliopanda juu huweza kupinduka hata kabla ya kuteleza. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, mshiko unaohitajika huwa mara nne.

Kwa hiyo punguza mwendo, shusha gia, ndipo uingie. Kuachia gari nyutro kwenye mteremko ni ujinga mtupu: injini haisaidii tena kulizuia.

Ndani ya kona, tazama pale mbali ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Sehemu hiyo ikikusogelea, kona inazidi kubana, punguza moto taratibu. Ikianza kukukimbia, kona inafunguka. Ongeza kidogo kidogo.

Gari likikataa kugeuka, usizidishe usukani. Legeza mguu kwenye mafuta, rudisha usukani kidogo mpaka magurudumu ya mbele yashike. Na ukikutana na lori lenye tela, mwachie nafasi: magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele, na huenda yakaingia upande wako.