Siku Tuliyochagua Mimea ya Bwawa

Bwawa lilikuwa limekwisha kuchimbwa na kutandikwa turubai la kuzuia maji, na mvua ilikuwa imelijaza zaidi ya nusu, tulipoanza kubishana kuhusu mimea. Mimi nilitaka maua. Mwalimu wangu wa zamani wa biolojia, ambaye tangu astaafu hakuwa na kazi aliyoipenda kuliko kuwachunguza wadudu wa majini, alitaka mabua. Nilipomsomea orodha yangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, kabla hujanunua chochote, twende kwanza kinamasini tukaone wenyeji wanaishije."

Tulikwenda asubuhi iliyofuata, jua likiwa bado halijawa kali. Nilitarajia anitajie majina ya mimea. Badala yake alinitaka nichuchumae mbele ya kichaka cha ndago kilichoota kwenye maji yasiyozidi kina cha kiganja, nitazame mabua tu. Juu kidogo ya maji, kwenye bua moja, lilikuwa limeng'ang'ania ganda tupu la rangi ya kahawia lenye miguu sita, limepasuka mgongoni, na ndani ya ufa ule vikining'inia vijiuzi vyeupe. Lilikuwa ganda la kereng'ende. Mwalimu alinieleza kwamba mdudu huyo huishi chini ya maji akiwa mchanga kwa miezi kadhaa, na wa aina nyingine hata miaka, mpaka siku anapopanda bua, anajivua ganda lake na kusubiri mabawa yakauke. Vijiuzi vile vilikuwa bitana ya mirija aliyokuwa akipumulia. Asipopata kitu kinachochomoza majini cha kumshikiza, hana pa kutokea. Sentimita chache kutoka hapo, kereng'ende mwembamba wa buluu alikuwa ameukunja mkia wake na kutoboa bua jingine ili atage mayai ndani yake.

Kuhusu maua, sikutoka patupu. Mayungiyungi ya kinamasi kile yalikuwa yanafunguka, na Mwalimu aliniinamishia ua moja lililochanua siku hiyo kwa mara ya kwanza. Katikati yake kulikuwa na majimaji, na mdudu mdogo mweusi alikuwa ameteleza na kuzama humo. Siku ya kwanza, alisema, ua hupokea tu: majimaji hayo huosha chavua ambayo mdudu ameileta kutoka ua jingine, siku zinazofuata majimaji hukauka na ua huanza kutoa chavua yake lenyewe. Chini ya jani la yungiyungi hilohilo konokono walikuwa wamebandika mayai yao ndani ya utelezi unaopitisha mwanga. Sijui kama alikusudia kunishinda au kunipatanisha naye, lakini kuanzia hapo yungiyungi liliingia kwenye orodha yake pia.

Kitaluni ndiko kulikokuwa na mabishano ya kweli. Muuzaji, mtu mkarimu aliyejua kuisifia bidhaa yake, alituonyesha magugu maji yenye maua ya zambarau, akadai kwamba husafisha maji. Mwalimu hakukana kwamba magugu hayo hufyonza virutubisho. Alichokataa ni kuupa nafasi mmea uliotoka Amerika ya Kusini ambao, ukikosa wadudu wa kwao wa kuudhibiti, hufunika uso wa maji, huzuia mwanga na kuwanyima oksijeni viumbe walio chini. Kilichonishangaza ni kwamba aliyakataa matete vilevile, ingawa ni mmea wa asili usio na kasoro kinamasini, kwa sababu mizizi yake yenye ncha kali hutoboa turubai, na katika bwawa dogo hayakawii kujaa. Mpaka leo naona hilo ndilo jambo ambalo wapenzi wa mimea ya asili husahau: uasili peke yake hautoshi, sharti mmea ulingane pia na maji yaliyopo. Yungiyungi chotara lenye petali nyingi zilizobanana tuliliacha pia, maana mdudu angetaabika kuifikia chavua.

Tulichukua ndago za majini, yungiyungi moja la kienyeji, na seratofilamu, mmea usio na mizizi ambao huishi umezama na hufyonza virutubisho moja kwa moja kutoka majini, hivyo kuunyima mwani chakula. Muuzaji alitaka kutuongezea samaki wadogo bure ili wale viluwiluwi vya mbu. Mwalimu alimshukuru na kukataa, kwa hoja kwamba kereng'ende wachanga wangeifanya kazi hiyo, ilhali samaki wangewala na kereng'ende hao pamoja na mayai ya vyura.

Nyumbani aliniomba beseni jeupe, akasuuza kila mche humo kabla haujagusa bwawa. Mara ya kwanza niliona ni kupoteza muda. Kisha akaniwekea kidoleni kijani kimoja kidogo kuliko ukucha, chenye vinywele vilivyoungana nchani kama mchapo wa kupigia mayai. Ilikuwa salvinia, kangaga inayoelea yenye asili ya Brazili. Aina hiyo haizai kwa mbegu wala vijimbegu, bali kila kipande chenye chipukizi huwa mmea mpya. Tulikitupa juani kikauke.

Kupanda kwenyewe hakukuchukua muda. Ndago tulizipanda ukingoni, katika udongo wa chini usio na mbolea, uliofunikwa kokoto, kwa kuwa udongo wenye rutuba ungeulisha mwani. Chungu cha yungiyungi tulikisimamisha juu ya matofali, ili nikishushe polepole kadiri majani yanavyorefuka. Mzozo uliobaki ulikuwa wa nafasi: mimi nilitaka uso wote wa maji ufunikwe kwa majani, Mwalimu alitaka theluthi moja ibaki wazi ili kereng'ende wayaone maji kutoka juu na jua lifike chini. Theluthi hiyo ilibaki wazi, na tangu hapo kazi yangu kila msimu ni kupunguza ndago zisije zikaimeza.