Ishirini na Nne za Mjomba

Mchezo ule aliutunga dada yangu mkubwa, na hadi leo hauna jina. Tulikaa wanne mezani: mimi, mjomba, shemeji na binamu yangu. Dada ndiye aliyekuwa mwendeshaji. Alikuwa na kadi 10, mbele zimeandikwa kitu (darubini, hema, baiskeli iliyotumika, saa ya ukutani), nyuma bei. Kila mchezaji alipewa sarafu 100 za plastiki, basi, hakuna kukopa.

Kwa kila kadi dada alisoma dokezo la kwanza bure. La pili aliliuza kwa sarafu 3 na la tatu kwa 6, na aliyenunua alilisoma peke yake. Kisha kila mtu aliandika makisio yake kwa siri, yasiyozidi sarafu alizo nazo. Aliyekaribia bei bila kuipita alikichukua kitu, ila alilipa kile alichoandika. Aliyeipita alitoka mikono mitupu. Kadi zikiisha, unajumlisha bei halisi za vitu vyako na sarafu zilizobaki, mwenye nyingi ndiye bingwa.

Hapo ndipo utamu ulipokuwa, na maudhi pia. Ukiandika karibu sana na bei unapata kitu lakini faida haipo. Ukiandika chini upate faida, mwenzako anakupiku kwa sarafu moja.

Sharti la kukaribia bila kuzidi dada alilitoa kwenye The Price Is Right, kipindi cha televisheni cha Marekani kilichoanza mwaka 1956 na kufufuliwa mwaka 1972. Kule wachezaji hutaja makisio kwa zamu, kwa hiyo wa mwisho huweza kuongeza dola 1 juu ya makisio ya mwenzake akamziba kabisa. Dada hakutaka ujanja huo, ndiyo maana tuliandika kwa siri. Hakujua, au pengine alijua vizuri sana, kwamba mjomba angetafuta ujanja mwingine.

Mjomba aliwahi kuwa dalali wa mnada. Hakununua dokezo hata moja. Wengine tukiinamia karatasi zetu, yeye alikuwa ametega sikio akiangalia dari. Ilinichukua kadi kadhaa kuelewa: alikuwa anasikiliza penseli. Mkwaruzo mmoja mfupi ni tarakimu moja, na mtu anayesita baada ya tarakimu ya kwanza bado anabishana na nafsi yake. Kuanzia hapo nikawa naandika namba yangu kisha nachora vijistari vya uongo, penseli ikigusa karatasi kidogo tu. Mjomba alitabasamu.

Binamu alikuwa kinyume chake. Alinunua madokezo kama anayeogopa yataisha, na kwenye hema aliandika pungufu ya bei kwa 1 tu. Akashangilia. Shemeji, aliyesoma uchumi, akampa pole. Akatueleza kuhusu wahandisi watatu wa Atlantic Richfield, kampuni ya mafuta ya Marekani, walioandika mwaka 1971 kwamba kampuni zinazoshinda zabuni za vitalu vya mafuta mara nyingi ndizo zilizokadiria mafuta mengi kupita kiasi. Kushinda kwenyewe ni dalili kwamba umelipa zaidi ya thamani. Wachumi wanaiita laana ya mshindi. Binamu akamwambia shemeji anaona wivu.

Shemeji hakuishia hapo. Alitaka sharti libadilishwe, mshindi alipe kiasi alichoandika mtu wa pili, kwa sababu mchumi William Vickrey alionyesha mwaka 1961 kwamba kwenye mnada wa namna hiyo mtu hana haja ya kuficha thamani anayoiona yeye. Vickrey alipewa Nobel ya uchumi mwaka 1996. Dada akasema hata angepewa mbili, watu wasipofichana kitu mchezo umekwisha. Nilimuunga mkono.

Jambo moja ambalo mjomba alilifanya mapema sikulitilia maanani wakati ule. Kwenye kadi ya darubini alisukuma rundo kubwa la sarafu katikati ya meza kabla hata ya kuandika, kisha akaandika makisio makubwa kweli na kuichukua kwa faida kiduchu. Nilidhani ni tamaa.

Kadi ya mwisho ilikuwa cherehani. Sarafu zote zilikuwa wazi mezani, kwa hiyo hesabu kila mtu aliiona. Mjomba alikuwa na vitu vya 84 na sarafu 24, jumla 108. Mimi nilikuwa na vitu vya 74 na sarafu 31, jumla 105. Shemeji alibakiwa na 12, binamu 7, wote wawili nje ya kinyang'anyiro. Dokezo la bure likasema cherehani inazidi 20 lakini haifiki bei ya saa ya ukutani, ambayo tulishaiona kuwa 34.

Nikapiga hesabu. Mjomba hawezi kuandika zaidi ya 24. Nikiandika 25, na bei ikiwa angalau hiyo, cherehani ni yangu. Lakini ili nimpite kwa jumla, nilihitaji faida inayozidi 3, yaani bei kuanzia 29. Je, ninunue dokezo? Sarafu 3 zingenishusha hadi 102, na hata nikilisoma bado ningeandika 25, maana zile 24 zake zilikuwa zimenikodolea macho. Dokezo lisilobadilisha utakachoandika halina thamani ya sarafu hata moja. Nikaliacha.

Shemeji akalinunua yeye, kwa udadisi tu, maana hakuwa na la kupoteza. Akalisoma, akanitazama, akacheka. Mjomba hakumtazama kabisa. Aliandika haraka, mikwaruzo miwili, akafunika karatasi kwa kiganja.

Dada akageuza kadi. Bei 27.

Cherehani ikaja kwangu kwa 25. Faida 2, jumla 107. Mjomba 108. Binamu aliruka kana kwamba ameshinda yeye.

Kisha dada akafunua karatasi ya mjomba. Ilikuwa imeandikwa 21.

Niliichukua nikaitazama vizuri. Bei inazidi 20, kwa hiyo 21 haiwezi kuipita hata iweje. Kama ningezidi mimi, cherehani ingemwendea yeye. Lakini kama ningeandika 22 tu, ningeichukua kwa faida ya 5 na kuwa bingwa kwa 110.

"Mjomba, ulikuwa na 24. Kwa nini hukuziandika?"

"Niziandike za nini, mwanangu? Wewe ulishaziandikia."

Shemeji akaanza kueleza kitu kuhusu vitisho vinavyoaminika, hakuna aliyemsikiliza. Dada alikuwa anachanganya kadi upya. Akatangaza kwamba duru ijayo kila mtu ataficha sarafu zake kwenye bahasha, na mjomba, ambaye usiku kucha hakuwa amelalamikia sharti lolote, akapinga mpaka akasimama.