Siku moja maishani mwangu: urts mlimani, aprikoti uani

Saa kumi na nusu alfajiri

Mama mkwe hanigongei mlango. Anabandika birika jikoni, na mfuniko ukianza kucheza najua kumekucha. Hapa ni Vayots Dzor, kusini mwa Armenia, kama kilomita 120 kutoka Yerevan, katika familia niliyoolewa. Kazi yetu ni kukausha majani ya chai na matunda, na kupika vyakula vya kuhifadhi kwenye chupa. Mwisho wa Juni hatulali. Urts, kijimea cha chai cha porini, imechanua milimani, aprikoti, matunda madogo ya rangi ya chungwa yenye kokwa moja, zimeiva mabondeni, na jozi zimefika kwenye zile siku chache ambazo zinafaa kupikwa zikiwa bichi. Jozi ninazosema ni zile kokwa za ganda gumu ambazo ndani zimekunjamana kama ubongo.

Tunakula tukiwa tumesimama: lavash, jibini, na kishada cha nanaa. Lavash ni mkate mwembamba kama kitambaa, unaobandikwa ukutani mwa tonir, tanuri la udongo lililochimbiwa ardhini. UNESCO waliuingiza kwenye orodha yao mwaka 2014, lakini nyumbani kwetu ni chakula cha kila siku tu. Mawifi zangu wakioka mara moja, tunakausha na kupanga juu kwa juu, na miezi inapita tunanyunyizia maji na kula.

Saa kumi na mbili na nusu

Gari linapanda kuelekea kilele cha njia ya mlimani ya Selim, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Chini kidogo ya kilele kuna nyumba ya mawe waliyolala wafanyabiashara na wanyama wao wakivuka mlima huu, imejengwa mwaka 1332. Ndani yake kuna giza na ubaridi, na mabirika marefu ya mawe ya kulishia wanyama. Mimi ni mtoto wa Tabora, mji wa misafara, kwa hiyo kila tukipita hapa roho yangu inasimama. Leo na gari limesimama, maana majani yana umande. Urts ikichumwa na umande inageuka nyeusi kwenye trei, na harufu inakuwa ya nyasi iliyolala kwenye gunia. Tunasubiri.

Saa mbili

Umande umekauka, tumeingia kazini.

Urts ni ndugu wa zaatari. Ni kijimea kifupi kinachotambaa juu ya mawe, na maua yake ya zambarau ni madogo sana. Unashika kishada kwa mkono wa kushoto, unakata kwa mkasi vidole viwili juu ya ardhi, na unaacha baadhi ya maua yabaki yatoe mbegu. Ukivuta kwa mkono, mizizi inakuja yote, na mwakani pale utakuta jiwe tupu. Ziko sehemu nimeziona zimenyonyolewa hivyo na watu wa haraka, na zinaniuma kama shamba langu mwenyewe. Mama mkwe akiona mtu anang'oa hapigi kelele. Anakwenda, anamshika mkono, anampa mkasi wake.

Mengine tunaokota njiani. Hazaraterevuk, maana yake "majani elfu". Khnkatsaghik, "ua la ubani", na ukilisugua vidoleni unaelewa kwa nini waliliita hivyo. Antaram, maua ya njano ambayo jina lake ni "isiyonyauka", na kweli yakikauka yanabaki na rangi ileile. Majina haya nimeyajifunza kwa pua kabla ya ulimi.

Saa tano na nusu

Darini. Hapa ndipo chai inapoharibika au kupona.

Kwetu bibi alianika nsansa, yaani mboga za majani, juani, na michembe, vipande vya viazi vitamu, juani, na jua lilikuwa rafiki. Nilipofika huku nikadhani ni hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilianika trei nzima ya nanaa uani saa sita mchana. Jioni ilikuwa kavu kweli, lakini rangi ya majani makuukuu, na ukinusa hupati kitu. Jua lilikuwa limekula mafuta yote ambayo ndiyo harufu. Majani ya chai yanataka kivuli na upepo: dari lenye madirisha pande mbili, trei za wavu, tabaka jembamba ambalo unaona wavu chini yake. Nayageuza kwa ncha za vidole, asubuhi na jioni. Yakiwa tayari, kijiti kinavunjika kwa mlio. Kikipinda bila kuvunjika, rudisha.

Matunda ndiyo ya juani, usiku yanaingia ndani.

Saa saba

Chakula cha mchana ni aveluk. Ni majani chachu ya mwituni, wanawake wanayachuma majira ya kuchipua na kuyasuka kama nywele, mkia mrefu unaoning'inia ukutani hadi ukauke. Leo tunamalizia mkia wa mwaka jana. Unachemsha, unamwaga maji ya kwanza yenye uchungu kama tunavyofanya na mchunga, halafu kitunguu saumu, jozi zilizopondwa, na matsun, mtindi wao mzito. Nikila hiki sihitaji mtu kuniambia niko ugenini au nyumbani.

Saa nane

Jozi. Kazi ninayoipenda na inayonitesha.

Zinachumwa zikiwa za kijani, kabla ganda la ndani halijawa gumu. Kipimo ni sindano: ikipenya hadi upande wa pili, sawa. Tunamenya ngozi ya kijani kwa kisu kifupi. Utomvu unatoka hauna rangi, kama maji. Baada ya dakika chache umekuwa wa njano, halafu kahawia, na jioni kidole ni cheusi kama cha siku ya uchaguzi, wino hautoki hata kwa limau. Glavu ninavaa, lakini katikati ya kazi navua, maana bila ngozi ya kidole sijui nimemenya hadi wapi.

Zikishamenywa zinakaa kwenye maji siku kadhaa, tunabadilisha maji kila siku hadi uchungu upungue. Kisha maji ya chokaa, ili zikaze zisipondeke jikoni. Kisha kuosha sana. Kisha sukari, moto, kupoza, moto tena. Mwishoni mdalasini, iliki na karafuu. Karafuu ni zangu, naziomba nyumbani kila mtu akisafiri, za Pemba, na mama mkwe sasa hataki nyingine. Kinachotoka ni jozi nzima nyeusi inayong'aa, unaikata kwa kijiko.

Saa kumi

Simu. Duka moja la mjini limerudisha makasha yetu ya aprikoti. Wanasema ni nyeusi, wateja wanadhani zimeoza. Wanataka za rangi ya chungwa.

Nilinyamaza kwanza, maana nilikuwa na hasira. Zile za rangi ya chungwa zinafukizwa salfa ndiyo zisibadilike rangi. Aprikoti iliyopasuliwa, ikatolewa kokwa, ikalazwa juani tu, lazima iwe kahawia. Kilo moja yake imekula kilo tano au sita za mbichi, na utamu wote umebaki mle, na uchachu kidogo mwishoni. Tunda hili Waarmenia wanaliita tsiran, na hata wataalamu wa mimea waliliandika *Prunus armeniaca*. Mti wake ndio wanaochongea duduk, filimbi inayolia kama mtu. Sitalipaka rangi ili lipendeze dirishani. Nimewaambia nitaweka karatasi ndani ya kila kasha: hii ndiyo rangi yake. Wakikataa tena, tutauza wenyewe, polepole.

Mama mkwe alisikia sauti yangu tu, akaniambia, "Harsik jan, tsavt tanem." Maana yake, mkwe mpenzi, nichukue maumivu yako. Kiswahili chetu kina pole. Huku wanaomba kubeba.

Saa kumi na mbili

Kufungasha, gramu hamsini hamsini. Dada mmoja Mkenya aliye Dubai anauliza kama urts inaponya presha. Namjibu kama ninavyomjibu kila mtu: huku tunakunywa tukikohoa na kwa sababu ni tamu, dawa za daktari usiache. Anaulizia pia sujukh, jozi zilizotungwa kwenye uzi na kuchovywa kwenye maji mazito ya zabibu. Hiyo asubiri vuli, zabibu za Areni zikivunwa.

Saa mbili na nusu usiku

Jua la huku kiangazi ndiyo kwanza linazama. Namimina maji yaliyotulia baada ya kuchemka juu ya urts, nafunika kwa sahani. Kwetu majani yanachemka sufuriani. Huku ukichemsha, harufu yote inaishia darini kwa mvuke. Nahesabu dakika saba, na katika hizo saba natoka uani na mume wangu kuingiza trei za aprikoti kabla ya umande. Ni ishirini na mbili. Ya mwisho ina joto bado chini yake.