Njia ya baiskeli inapotea pale pale unapoihitaji

Jumatatu iliyopita saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko Morogoro Road, Dar es Salaam, natoka Kimara naenda Kariakoo, Ubungo nimeshaipita, niko ndani ya njia ya baiskeli kabisa, ile iliyojengwa pamoja na barabara ya mabasi ya mwendokasi, mara gari dogo likanipita likakata kushoto kuingia sheli bila indiketa, nikafunga breki zote mbili, tairi la mbele likateleza nikaenda chini. Mkono umechubuka, goti limevimba, namshukuru Mungu. Aliyeninyanyua ni mzee wa madafu, baiskeli yake imejaa nyuma mpaka haonekani, akanambia "pole mwanangu, kwenye viingilio hivi usiiamini hii njia, pita kama haipo."

Maneno yake hayajanitoka. Mwendokasi ulipoanza 2016, Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Kariakoo na Morocco, jumla kama kilomita 21, na pembeni kuna njia ya baiskeli, mi nilifurahi sana, af 2018 jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Na nilifurahi kwa haki. Ila hiyo njia imenyooka vizuri sehemu ambazo hata bila hiyo ungepita salama, ukifika kwenye kiingilio cha sheli au makutano inakatika, na hapo ndipo watu wanapogongwa. Katikati unakuta gari zimepaki, machinga wamepanga biashara, bodaboda wanakuja mbele yako wanakwepa foleni. Machinga siwalaumu, hawajapewa pa kukaa. Bodaboda nawalaumu, ile ni pikipiki ina injini, barabara yake ipo.

Kuipaka njia rangi peke yake haisaidii. Gari likiwa spidi 60 nguvu yake ya kugonga ni mara nne ya likiwa 30, kwahiyo kwenye kiingilio gari lilazimishwe kupunguza: kona iwe kali, na njia ya baiskeli ipite juu kwa usawa wake bila kukatika, gari ndio lipande kama linapanda tuta. Uholanzi wanafanya hivyo, na msiniambie wale wamezaliwa na baiskeli, miaka ya 1970 magari yalikuwa yamejaa kwao na watoto wanagongwa mpaka wananchi wakaingia barabarani kuandamana. Hapa kwetu UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, wamelisemea hili miaka mingi, wasikilizwe jamani, maana wanaopanda baiskeli Dar wengi ni watu wa kazi, wa madafu, wa mkaa, mafundi, wenye maguta, hawana hela ya kubadilisha usafiri.

Na wewe mwenye gari, kabla hujakata kushoto angalia saiti mira ya kushoto. Mi sikuwa na mzigo nikaweza kufunga breki, yule mzee na mzigo ule wa madafu asingeweza.