Nilivyojenga Moduli ya Fumbo la Mabehewa kwa Ajili ya Reli ya Mfano ya Klabu Yetu, Mtwara

Klabu yetu hapa Mtwara mjini ina reli ya mfano inayoonyesha, kwa udogo, ile reli ya Jimbo la Kusini iliyojengwa wakati wa utawala wa Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga. Ujenzi wa reli yenyewe ulianzia Mkwaya, karibu na Lindi, kwa sababu bandari ya Mtwara ilikuwa bado haijawa tayari. Mradi wa karanga ulifutwa mwaka 1951, gati la maji ya kina la Mtwara likafunguliwa mwaka 1954, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Vijana wengi wa mkoa huu hawajui kwamba treni iliwahi kupita huku, na hiyo ndiyo sababu ya klabu kuwapo.

Hata hivyo, treni inayozunguka mezani humvutia mgeni kwa dakika chache tu, kisha huondoka. Mimi nilitaka mgeni akabidhiwe injini, aambiwe mabehewa gani yanahitajika na kwa mpangilio gani, kisha aachwe afikiri. Nilipewa ridhaa ya kujenga moduli moja ya namna hiyo, ambayo ingeweza kuunganishwa na meza kuu au kusimama peke yake darasani, na ninaeleza hapa jinsi nilivyoifanya ili wengine wanaotaka kujenga ya kwao wapate pa kuanzia.

Kuna mafumbo mawili yanayofahamika zaidi. La kwanza ni Timesaver la Mmarekani John Allen, lililochapishwa katika jarida la Model Railroader mwaka 1972. Lina pointi tano, yaani mahali ambapo njia hugawanyika na treni kuchaguliwa pa kwenda, na njia ya kuzungukia ambayo huiwezesha injini kuhamia upande wa pili wa mabehewa. La pili ni Inglenook la Mwingereza Alan Wright, nalo lina pointi mbili tu na njia tatu. Wenzangu kadhaa walipenda Timesaver kwa kuwa linaonekana kubwa na la kupendeza, lakini mimi nilishikilia Inglenook, kwa sababu kila pointi ni mahali ambapo behewa linaweza kuanguka na umeme kukatika, na pointi mbili zinazofanya kazi vizuri ni bora kuliko tano za kubahatisha. Zaidi ya hayo, kanuni zake mtoto wa darasa la nne huzielewa mara moja. Njia ndefu huchukua mabehewa matano, kila njia fupi huchukua matatu, na kipande kilicho mbele ya pointi, ambacho sisi tunakiita njia ya injini, huchukua injini na mabehewa matatu. Mabehewa yote ni manane. Matano huchaguliwa kwa bahati nasibu, na mchezaji hutakiwa kuyapanga katika njia ndefu kwa mfuatano uleule yaliochaguliwa. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, kwa hiyo si rahisi mtu kupewa kazi ileile mara mbili.

Kabla ya kukata ubao wowote nililazimika kuamua kipimo. Njia na chesi za mabehewa (fremu za chini zenye magurudumu) zinazopatikana kwa bei nafuu, hasa zilizokwisha kutumika, ni za HO, ambazo upana wa njia yake ni milimita 16.5 na kipimo chake ni 1:87 kwa reli ya upana wa kawaida wa kimataifa. Reli yetu ya kusini ilikuwa na upana wa mita moja. Ukigawanya milimita 1,000 kwa 16.5 unapata takriban 60, maana yake ni kwamba njia ileile ya HO inakuwa reli ya mita moja iliyo sahihi kabisa endapo mabehewa yatajengwa kwa kipimo cha 1:60. Basi nilinunua chesi tupu, nikajenga mabodi yake mwenyewe kwa karatasi ngumu ya manila iliyopakwa vanishi. Behewa la magurudumu manne lenye urefu wa mita 6 likawa la sentimita 10, na mtu mzima akawa na kimo kisichozidi sana sentimita mbili na nusu, jambo linalomsaidia mtoto kuona vizuri na kushika bila kuvunja.

Sasa nieleze jambo ambalo naliona ndilo moyo wa kazi hii yote, nalo ni urefu wa njia. Fumbo halimo katika mabehewa wala katika injini. Limo katika ufinyu wa nafasi, na ufinyu huo lazima upimwe. Mabehewa yangu, yakiwa yameungwa, huchukua sentimita 11 kila moja. Hivyo njia ndefu ilihitaji sentimita 55 na njia fupi 33, nami nikaongeza sentimita tatu katika kila njia ili viungio vipate kulegea na kukaza. Injini yangu ina sentimita 13, kwa hiyo njia ya injini ikawa sentimita 49. Vipimo vya njia za mabehewa huanzia pale ambapo behewa lililosimama katika njia moja haliguswi na behewa linalopita njia ya jirani, wala si kwenye ncha ya pointi. Mahali hapo nilipapata kwa kusogeza mabehewa mawili sambamba kwa mkono hadi yakakaribia kugusana, kisha nikaweka alama ya rangi nyeupe kwenye taruma.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini sentimita chache zipewe uzito kiasi hicho. Chukua mfano huu. Behewa la mkonge (kila behewa huitwa kwa mzigo wake) limo mwisho kabisa wa njia ndefu, kwenye kizuizi, na mabehewa mengine manne yako mbele yake. Njia fupi moja imejaa matatu na nyingine ni tupu. Mchezaji huvuta matatu ya mbele na kuyaingiza katika njia fupi iliyo tupu. Anarudi kuchukua mawili yaliyobaki, mkonge ukiwa mkiani, na hapo anagundua kwamba njia fupi zote mbili zimejaa na hana pa kuyaweka ila kulekule alikoyatoa. Wengi hukwama hapo na kukunja uso. Kutoka kwake ni kwamba injini, ikiwa na mabehewa yake mawili, iingie njia fupi na kuvuta moja zaidi, irudi ikaliache hilo katika njia ndefu, kisha iusukume mkonge katika nafasi iliyopatikana kwenye njia fupi. Sasa mkonge uko karibu na pointi na unaweza kupelekwa popote. Hatua hiyo inawezekana kwa sababu njia ya injini inapokea mabehewa matatu. Ingepokea mawili tu, isingewezekana. Na ingepokea matano, hakuna ambaye angehitaji kufikiri.

Fremu ilitengenezwa kwa mninga na juu yake ikawekwa plaiwudi ya milimita 9, katika vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 80 ili kipite katika mlango wa bajaji. Nilihakikisha kwamba kiungo cha vipande hivyo hakipiti chini ya pointi yoyote. Fundi seremala wa klabu, mtu mwenye uzoefu mkubwa wa hewa ya pwani, alinisisitizia kupaka rangi pande zote za plaiwudi pamoja na kingo zake. "Mwalimu, ukipaka juu tu, mvua zikianza ubao utakunja mgongo kama paka," aliniambia, nami nikatii, na mpaka leo meza imenyooka. Jambo hilo ni la lazima, kwa kuwa behewa lenye magurudumu mepesi huondoka lenyewe katika mteremko mdogo usioonekana kwa macho. Pima maji ilikaa mezani muda wote wa kazi, na hata sasa, moduli inapohamishwa, miguu yake yenye skrubu za kurekebisha hupimwa kwanza kabla ya injini kuwekwa.

Chini ya njia nilibandika povu gumu la aina ya soli za kandambili, linalopunguza mtikisiko. Kokoto za kujazia kati ya mataruma nilizipata kwa kuchekecha mchanga, lakini mchanga wa pwani una chumvi inayokula vyuma, na una chembe nyeusi zinazovutwa na sumaku ya mota. Kwa hiyo niliuosha kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, nikauanika, kisha nikapitisha sumaku iliyofungwa katika mfuko wa plastiki hadi ikawa haitoki na kitu. Gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, pamoja na tone la sabuni ya vyombo, ndiyo inayoushikilia.

Pointi huendeshwa kwa spoki ya baiskeli iliyopita chini ya ubao hadi ukingoni, ikiwa imefungwa kwenye swichi ndogo ya kusukuma. Swichi hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja: husogeza ndimi za pointi, na hubadilisha umeme wa kile kipande cha chuma kilicho katikati ambapo reli mbili hukutana, ili injini fupi isizimike inapokipita kwa mwendo wa polepole. Mtu anayejenga fumbo la aina hii asiuruke mpango huo, maana mchezaji anayelazimika kuisukuma injini kwa kidole husahau alichokuwa anapanga. Umeme wenyewe ni volti 12 kutoka betri ya pikipiki, kupitia kidhibiti mwendo, na kwa hiyo kukatika kwa umeme hakusimamishi mchezo.

Mabehewa ya karatasi ni mepesi mno, na yanaposukumwa nyuma kupitia pointi huinuka na kuacha njia. Mapendekezo ya chama cha wapenda reli za mfano cha Marekani, NMRA, kwa HO hulipa behewa la sentimita 10 uzito wa takriban gramu 85. Nilinunua chubwi katika duka la zana za uvuvi, nikazipima kwenye mizani ya jikoni na kuzibandika sakafuni mwa kila behewa, chini kabisa, hadi yote manane yakalingana. Viungio ni vya mtindo wa Kadee, vyenye umbo la viganja viwili vinavyoshikana, na huachanishwa kwa kuingiza kijiti cha mshikaki katikati na kukizungusha kidogo. Mabehewa nimeyapa mizigo ya kusini: korosho, karanga, mkonge, chumvi, ufuta, mbao, mafuta ya taa na vifurushi vya posta. Vibao vinane vyenye majina hayo hutikiswa ndani ya kifuu cha nazi, na mgeni huchota vitano.

Tuliamua kuhesabu hatua badala ya dakika, kwa sababu saa huwafanya watoto waiendeshe injini kwa kasi na kuyagonga mabehewa, ilhali hesabu ya hatua huwafanya wasimame, waangalie na kubishana kwa utulivu juu ya behewa la kuanza nalo. Kwa wadogo zaidi huweka vizuizi vya mbao vinavyofupisha njia ziwe za mabehewa matatu, mawili na mawili, na hutumia mabehewa matano tu, ambapo mifuatano ya kupanga matatu ni 60. Akishamaliza hiyo, mtoto mwenyewe huomba vizuizi viondolewe.