Siku moja maishani mwangu: kuusaka mluzi wa upepo kwenye Benzi

Saa 12 asubuhi nafungua geti la gereji hapa Sinza, Dar es Salaam, nafagia, nawasha jiko la chai. Kazi yangu ni milango na vioo vya magari. Sigusi injini wala gia. Wengi wakisikia hivyo wanadhani nabandika tinti tu. Tinti nabandika, lakini kinachonilisha hasa ni kelele: upepo unaopiga mluzi, mlango unaogonga, maji yanayopenya na kuozesha zulia. Mteja anakuja anasema "fundi, gari inapiga mluzi," na wakati huo gari limesimama kimya mbele yangu. Natakiwa kuikamata sauti ambayo haipo.

Hadi saa 3 tumeshamaliza mawili. Harrier moja ilikuwa inalia kwa sababu ya vizuia mvua vya plastiki vilivyobanduka juu ya madirisha, na Noah ilikuwa na mlango wa kuteleza uliolegea. Kijana wangu ameyashughulikia karibu yote peke yake. Ana mkono mzuri.

Saa 3 na nusu likaingia Benzi jeusi, S-Class. Mzee kakaa nyuma kushoto, dereva mbele kulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa vioo?"

Hakushuka. Alifungua dirisha nusu akaniambia kesho alfajiri anakwenda Dodoma, na kila akisafiri, upande wa kushoto mbele kuna sauti inayomtoboa sikio. Gereji mbili zimeshindwa. Moja ilimuuzia raba mpya za milango kwa bei ambayo sitaitaja, nyingine ikaongeza sponji juu ya raba hizo. "Sasa usije ukaniambia raba. Raba nimeshanunua."

Nilianza na mlango wenyewe. Gari lile lina mota inayouvuta mlango taratibu ujifunge, na ilikuwa inavuta, inakwama, inavuta tena, kwa sababu sponji ya watu imejaza nafasi. Nikaibandua yote. Mzee akatoa kichwa nje: "Unatoa alichoweka mwenzio, halafu?" Nikamwambia mlango ukibanwa chini, fremu yake ya juu inasukumwa nje, na huko juu ndiko kelele za upepo zinakozaliwa. Akarudisha kioo juu.

Hapa niseme kwa nini magari haya ni kazi ngumu kuliko yanavyoonekana. Kwenye Benzi kubwa wameizima sauti ya injini, wameizima ya matairi, hata vioo vya milango ni vya tabaka mbili zilizogandishwa na utando katikati. Ile S-Class ya mwaka 1991 ilikuwa na vioo viwili kabisa kwenye madirisha ya pembeni, katikati hewa. Kukiwa na ukimya wa namna hiyo, kitundu cha upana wa njiti ya kiberiti kinasikika hadi kiti cha nyuma. Kwenye daladala usingekijua maisha yako yote.

Kisha kuna suala la mwendo. Wahandisi wa sauti wana hesabu yao: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kelele ya upepo inazidi kama mara 64. Ndiyo maana mtu anakaa mwaka mzima kwenye foleni za Dar, Mwenge hadi Posta, asisikie chochote. Siku anapokunja Morogoro Road kwenda Dodoma, kilomita zaidi ya 400, ndipo gari linamgeuka. Tangu serikali ihamie huko, wateja wangu wa aina hii wameongezeka sana.

Nikafanya vipimo vyangu vya hapa hapa. Karatasi kwanza: unaweka ukanda wa karatasi kwenye raba, unafunga mlango, unavuta. Inatakiwa ikatae kidogo, kila mahali kwa ukinzani uleule. Ikakataa vizuri, mzunguko mzima. Halafu povu la sabuni: funga madirisha yote, washa feni hadi mwisho ikivuta hewa ya nje, ndani kunajaa mgandamizo, wewe unapaka povu pembezoni mwa mlango unatafuta mapovu yanayochemka. Mzee alikuwa bado ndani, feni inampulizia usoni, ananiuliza kwa sauti akiwa nyuma ya kioo kama nimekuja kumwoshea gari.

Povu likachemka sehemu moja, chini ya saiti mira ya kushoto. Hiyo haikunishangaza. Mira za mjini hapa zina historia zao. Zinaibwa, unanunua nyingine, anayefunga anafunga mira bila ile raba ya pembetatu inayokaa kati ya mira na mlango, maana imebaki kwenye gari la mtu mwingine. Nikakata nyingine kwenye sponji ngumu isiyonyonya maji, nikaifunga, povu likatulia.

"Si umeshapata? Nifungie niende."

Nikamwomba anipe gari hadi jioni. Mluzi wa mira unaanza mapema, hata kwenye 60, na unatokea chini, kwenye kona. Yeye alinieleza sauti inayoanza kwenye 85 au 90, juu, karibu na paa. Mzee ameshalipia gereji mbili. Sikutaka niwe ya tatu.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema.

Niliposhusha kile kioo cha mbele kushoto hadi nusu ili niipitie raba ya juu, niliangalia ukingo wake. Kioo cha tabaka mbili ukikitazama kwa juu kina mstari mwembamba unaopita katikati, tabaka huku na tabaka huku. Cha kulia kilikuwa nao. Cha nyuma kilikuwa nao. Hiki kilikuwa kioo kimoja kitupu, kijani, bila mstari. Pale kwenye kona ya chini, mhuri wake uliandikwa TEMPERED, wakati wenzake watatu waliandikwa LAMINATED. Nikachukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, nikapima: hakikufika milimita 4, na wenzake walipita 5. Namba ya gari ilikuwa imechongwa kama kwenye vioo vyote, tunavyochonga sote kuwakatisha tamaa wezi, ila herufi zake zilikuwa nyeupe mno na zimekaa chini kidogo kuliko za vioo vingine.

Nikamtazama dereva. Akawa anatazama simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezimwa.

Kumwambia mwenye gari kwamba kioo chake si chake, dereva wake amesimama pembeni, ni neno zito. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa sentensi yangu moja. Na kioo chembamba peke yake si ushahidi kwamba ndicho kinacholia. Nilitaka barabara iseme kwanza.

Mzee akaondoka kwa teksi. Sisi tukaingia Morogoro Road saa 5 na dakika, mimi nimekaa mbele kushoto na rola ya ile tepu ya karatasi ya wapiga rangi. Nilikuwa nimeshaibandika pande zote: pembeni mwa mira, ukingo wa mbele wa mlango, juu ya kioo, nyuma ya kioo. Ukiziba kila kitu kelele ikafa, unajua ni hewa inayopenya. Isipokufa, ni umbo la gari au kitu kinachotetemeka. Kisha unatoa tepu kipande kimoja kimoja, na kila ukitoa, unarudi barabarani. Hiyo ndiyo kazi. Hakuna mashine ya kukufanyia kwa gereji kama yangu.

Ubungo foleni. Kimara foleni, mabasi ya mwendokasi yanatupita. Mzee akapiga simu.

"Mmefika wapi?"

"Kimara, mzee."

"Bado tu?"

Akapiga tukiwa Mbezi. Akapiga tukiwa Kibamba. Pale Kibamba aliniuliza kama kweli inahitaji kilomita zote hizo kubandika raba, nikamjibu taratibu kwamba mahali pa kukimbiza gari kihalali hapapatikani Sinza. Hata huku nje si rahisi: kila penye nyumba ni 50, na askari wenye tochi za kupima mwendo wamekaa chini ya miembe. Unavizia vipande vya barabara tu. Tulipita Kibaha, na mbele kidogo kabla ya Mlandizi tukapata kipande cha kwanza kizuri.

Dereva akapandisha hadi 95. Kimya. Kwa hiyo ni hewa.

Tukasimama, nikatoa tepu ya mira. Tukageuza, tukarudia. Kimya, pembetatu yangu inafanya kazi. Nikatoa ya ukingo wa mbele. Kimya. Kila kugeuza ni kusubiri malori ya Tunduma na Lubumbashi yapite, kila kusimama ni jua la saa 7 kichwani na vumbi la malori mdomoni. Tepu ya nyuma ya kioo: kimya. Simu inaita. Nimeacha kuipokea, anaipokea dereva.

Ikabaki ya juu. Nikaibandua polepole, nikaingia, tukaondoka. 70, hakuna. 80, hakuna. Kwenye 86 ikaanza, nyembamba kwanza, halafu ikafunguka ikawa mluzi kamili unaopita juu ya bega langu kwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mzee. Nikaweka vidole juu, pale kioo kinapoingia kwenye raba, nikaibana raba ya ndani dhidi ya kioo. Mluzi ukakatika. Nikaachia, ukarudi. Nikashika, ukakatika. Dereva alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho, na nadhani hapo aliamini.

Maelezo yake ni haya. Upepo ukipita kwa kasi kwenye nguzo ya kioo cha mbele unajipinda na kuzunguka pembeni mwa dirisha, na hapo mgandamizo wa hewa unashuka. Ndani ya gari uko juu zaidi. Kwa hiyo kioo na fremu yake vinafyonzwa kuelekea nje, kidogo sana, lakini vinafyonzwa. Kioo kinene kimejaa kwenye mfereji wa raba, kinaenda na raba yake. Kioo chembamba kinacheza, kinaegemea upande wa nje, na upande wa ndani unaachia ufa. Ndiyo maana karatasi ilikataa, povu la huko juu halikuchemka, na hata ukilimwagia maji hayapiti. Gari likiwa limesimama, ufa haupo.

Tulikula chipsi mayai Mlandizi bila kuongea. Ndipo dereva akasema, "Fundi, kile kioo nilikiweka mimi."

Alikuwa ameegesha Kariakoo kwa shughuli yake binafsi, wakakivunja. Akatafuta kingine siku ileile kwa pesa yake, akachonga namba, akabandika tinti, jioni gari likalala mahali pake. Muuzaji alimwambia ni kilekile. Ana watoto watatu shule. Aliniomba niseme ni raba.

Nikamwambia siwezi kusema ni raba, mzee ameshanunua raba. Lakini sitasema nani alikiweka. Hilo ni lake.

Kurudi sikumbuki saa vizuri. Foleni ilianzia Kiluvya. Njiani nilipiga simu Gerezani, Ilala, kwa kila ninayemfahamu anayevunja Benzi kuuza vipuri, hakuna mwenye kioo cha mbele kushoto cha tabaka mbili. Nikamtumia ujumbe ndugu mmoja aliyeko Sharjah, kwenye yale maeneo ya viwanda wanakouza vipuri vya magari yaliyovunjwa.

Gereji tulifika jua limeshalegea. Mgongo ulikuwa unaniuma hadi nyuma ya magoti. Nikafungua kava la ndani la mlango, nikachomoa raba ya mfereji wa kioo, nikaiwekea kwa nyuma ukanda mwembamba wa kitambaa cha manyoya kuijaza ile nafasi. Kitambaa kikizidi, kioo kinapanda kwa shida na mashine yake inaungua. Kikipungua, umefanya bure. Nilikiweka na kukitoa hadi kioo kikapanda kwa mwendo uleule wa mwenzake wa kulia. Mkono wa kijana wangu ulikuwa unashika taa, na hata yeye alikuwa amechoka, taa inashuka.

Mzee akaja kabla hatujarudisha kava. Nikashusha vioo viwili nusu, nikammulikia: hiki kina mstari, hiki hakina. Nikamsomea mihuri. Akakaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo siku nzima umezunguka na gari langu ili uniambie kioo si chake. Nilipie nini? Umeweka kitambaa."

Neno hilo nalisikia kila wiki. Nikamwambia kitambaa ni bure. Analipia kujua. Gereji mbili zimemuuzia vitu bila kujua, na zote amezilipa. Nikamwambia pia ukweli mwingine: kwa leo mluzi utachelewa, pengine uanze kwenye 110, lakini hauondoki mpaka kioo chenyewe kipatikane.

Ndipo dereva akasema, "Mzee, kioo kile kilivunjwa nikiwa na gari mimi. Sikukwambia."

Walisogea hadi kwenye geti wakaongea wenyewe. Sikusikiliza, nilifunga klipsi za kava. Waliporudi mzee alinilipa kwa simu, laki moja na nusu kama nilivyotaja asubuhi, akaongeza malipo ya awali ya kioo. Dereva ndiye aliyeendesha kuondoka.

Saa 4 usiku, nimeshaoga, picha zikaingia kutoka Sharjah. Mhuri ni LAMINATED. Nikamwomba apige picha ukingo kwa juu, akapiga, mstari upo. Nikaikuza picha ya kwanza: ni cha kulia. Nikamwandikia nahitaji cha kushoto, akajibu asubuhi anarudi stoo, kuna S-Class nyingine mbili wamezivunja wiki hii.