Asubuhi ya Kuosha Nyavu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tusome Luka 5:1-11, na safari hii tusikimbilie samaki. Tunaupenda mstari wa 6, pale nyavu zinapotaka kukatika kwa wingi wa samaki, na mahubiri mengi huanzia hapo. Mimi wiki nzima nimeng'ang'ana na mstari wa 2. Yesu anafika ziwani, anakuta vyombo viwili vimeegeshwa ufukweni, wavuvi wameshuka, wanaosha nyavu.

Nimekulia Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kazi hiyo naijua kwa mikono. Wavu wa dagaa una matundu madogo hata kidole hakipiti. Ukitoka majini unakuja na utelezi, magamba na vipande vya magugu maji. Usipousuuza mapema utelezi unakauka, wavu unanuka, na usiku panya wanautoboa. Baba alikuwa anasimama maji ya magotini, anaushika pindo kwa pindo, anausukasuka, kisha anautandaza juani na kuupitisha machoni polepole kutafuta palipochanika. Alikuwa anaosha hata siku aliyoambulia patupu. Siku moja nikamuuliza, "Baba, unaosha nini na hukupata kitu?" Hakuinua kichwa. Akasema, "Usiku naenda tena."

Simoni naye anamwambia Bwana kwamba wamechoka usiku kucha na hawakupata kitu. Kwa hiyo zile nyavu walizokuwa wanaziosha zilikuwa tupu, na walianza kuziosha kabla Bwana hajasema lolote kuhusu kuzishusha tena kilindini. Hakuna aliyekuwa amewaahidi kitu.

Nawaletea habari hii kwa sababu ya kijana mmoja wa kanisani kwetu. Ana miaka 19, mrefu kiasi kwamba anainama kupita mlango wa upande ule wa kwaya. Tangu yuko shule ya msingi watu wanamwita Thabeet, jina la yule Mtanzania mrefu aliyecheza kikapu Marekani. Mwezi uliopita alikwenda Dar es Salaam kwenye majaribio ya timu moja ya kikapu, na siku ya tatu akapanda basi kurudi Mwanza. Mama yake aliniambia raba zimesukumwa chini ya kitanda na vumbi la safari, wala hazigusi. Nilipomtembelea hakulia, hakulalamika. Alisema tu, "Mwalimu, hata Thabeet mwenyewe alishindwa."

Nilikosa jibu. Nikarudi nyumbani, nikaanza kuyafuatilia upya maisha ya yule ndugu yetu Hasheem Thabeet, na nakiri kwamba na mimi nilikuwa nimeyahukumu kwa haraka.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana mdogo. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wamekwisha kuucheza kwa miaka kumi. Akapata nafasi ya kusoma huko, akapitia shule moja ya Kikristo pale Houston, halafu Chuo Kikuu cha Connecticut. Kwa miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, alitajwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yao ya vyuo, na mwaka 2009 timu yake ikafika nusu fainali ya taifa. Urefu wake ni mita 2.21. Mwezi Juni mwaka huohuo, kwenye drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili, Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile. Kwa saa zetu ilikuwa usiku wa manane, mitumbwi ya dagaa ikiwa na taa zake ziwani. Tulipoamka tulikuwa na mtoto wetu kule. Mnakumbuka jinsi tulivyotembea kifua mbele?

Nyuma yake, wa tatu, alichaguliwa James Harden. Wa saba Stephen Curry. Hao wawili baadaye walikuja kuwa wachezaji bora wa ligi nzima, na tangu hapo kila orodha ya waliochaguliwa vibaya inamtaja Thabeet. Kosa la kuchagua ni la wachaguzi. Yeye aliitwa, akaenda. Walimtazama kimo, wakasahau kwamba alikuwa na miaka saba tu ya kujua mchezo. Samweli nabii naye alipofika nyumbani kwa Yese kutafuta mfalme alidanganywa na urefu wa mwanawe Eliabu, na Bwana ikabidi amwambie asitazame kimo.

Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis wakamshusha kwenye ligi ya kukuza wachezaji. Hapo kabla hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko. Na timu aliyopelekwa, Dakota Wizards, ilikuwa na makao yake katika mji unaoitwa Bismarck, kaskazini kabisa mwa Marekani. Nilipoliona jina hilo nilisimama. Ninyi mnaopanda kivuko cha Kamanga mnalipita jiwe la Bismarck kila siku, lile lililosimama majini watalii wanalipiga picha. Jina ni la Mjerumani yuleyule, Otto von Bismarck, aliyekuwa chansela wa Ujerumani. Sasa mfikirieni kijana wa Dar es Salaam, miaka 23, Februari, baridi ya theluji, ukumbi mdogo, na Marekani nzima inajua amekuja pale kwa sababu amepungua. Alivaa jezi akacheza.

Baadaye akahamishiwa Houston Rockets, kisha Portland, kisha misimu miwili Oklahoma City, mara nyingi akiwa benchi. Mwaka 2014 NBA ikaisha kwake. Jumla michezo 224, wastani wa pointi 2.2. Wanaomcheka huishia kwenye namba hizo. Lakini mwaka 2017 alikuwa Japan, akiichezea Yokohama. Mwaka 2020, akiwa na miaka 33, alikuwa Taiwan, kwenye ligi iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza, bado anaruka kuzuia mipira. Miaka 11 tangu usiku ule wa Juni, na huko kote hakuna aliyekuwa anamsubiri awe Curry.

Sasa nisieleweke vibaya. Siwaambii kwamba ukivumilia nyavu zitajaa. Tumeyasikia sana mahubiri ya namna hiyo, na nimeona walioyaamini wakiumia mara mbili, kwanza kwa kukosa, halafu kwa kuambiwa imani yao ilikuwa ndogo. Nyavu za NBA za Thabeet hazikujaa. Hata Simoni, nyavu zake zilipojaa, mstari wa 11 unasema walivileta vyombo nchi kavu wakaacha vyote wakamfuata. Samaki wale wote walibaki ufukweni! Kilichoondoka na Bwana ni wale watu wenyewe, wenye mikono iliyokuwa inaosha nyavu tupu asubuhi ile. Mimi naamini Bwana aliiona mikono hiyo kabla hajaomba kukaa chomboni.

Jumanne nilirudi kwa yule kijana na mambo haya nimeyaandika kwenye karatasi. Nilimsomea habari ya Bismarck. Akauliza, "Huko alicheza michezo mingapi?" Nikamwambia sikuja kuhesabu. Akachukua ile karatasi akaisoma mwenyewe, kimya, akarudia pale pa Yokohama. Nikamwambia pia, kwa uwazi, kwamba inawezekana timu ile ya Dar isimwite kamwe. Tuliomba pamoja, maombi mafupi, nikaondoka nikiwa sina uhakika kama nimemsaidia.

Jumamosi jioni alibisha hodi nyumbani kwetu. "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa amezibeba raba kwa kamba zake. Maji yalikuwa yamekatika mtaani kwao, akaomba atumie karo letu. Mke wangu akampa brashi na kipande cha sabuni. Aliinama kwenye lile karo fupi, mgongo wote ukiwa umepinda, akasugua soli, akatoa kokoto moja moja kwa kijiti, akachomoa kamba akazifua peke yake. Kisha akazitundika mlangoni zichuruzike, akaniuliza kesho ibada itaisha saa ngapi, maana vijana wenzake watakuwa uwanjani kuanzia saa tisa.